Mboya: Mwanasiasa aliyegeuza karamu kuwa nauli ya wanafunzi

MNAMO Septemba 1959, ndege ya kukodi iliondoka Nairobi ikiwa imebeba vijana 81 waliokuwa wakielekea Marekani kutafuta elimu ya juu. Serikali ya kikoloni ya Mwingereza haikuwa imetoa hata senti moja kwa safari hiyo. Nauli ilikuwa imepatikana kwa barua za kuomba, kwa hotuba zilizotolewa katika kumbi za miji ya ugenini, na kwa karamu ambazo mgeni wa heshima alikuwa kijana wa miaka 28 aitwaye Thomas Joseph Odhiambo Mboya.

Wakenya wengi wanamkumbuka Mboya kwa namna alivyokufa. Wengine wanamkumbuka kwa barabara ya jijini Nairobi inayoitwa kwa jina lake, ambayo zamani ilikuwa Victoria Street. Ila lililomtenganisha na wanasiasa wenzake wa enzi hiyo ni uwezo wake wa kuingia katika dhifa ya matajiri jioni moja, akatoka humo na ahadi ya fedha kwa ajili ya watoto wa watu ambao hawangeruhusiwa hata kupita mlangoni.

Hakuzaliwa katika maisha ya dhifa. Alizaliwa Agosti 15, 1930 karibu na Kilima Mbogo, katika shamba la mkonge la mlowezi mmoja, ambako baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa msimamizi wa vibarua. Wazazi wake walikuwa wenyeji wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, lakini mtoto alikulia miongoni mwa Wakamba na Wakikuyu, akajua lugha zao tangu utotoni. Jambo hilo lilikuja kumfaa sana. Katika Nairobi ya miaka ya hamsini, mwanasiasa aliyeweza kuhutubia umati kwa Kiswahili, kisha akazungumza na mzee wa Kikamba na mama wa Kikikuyu kwa lugha zao, alikuwa na silaha ambayo wapinzani wake hawakuwa nayo.

Alisoma katika shule za misheni za Kikatoliki: Kabaa huko Ukambani, kisha St Mary's Yala, na hatimaye Mang'u. Masomo yake Mang'u yalikatika kwa sababu ya ukosefu wa karo. Si jambo dogo katika maisha yake. Mtu aliyekuja kuwatafutia mamia ya wengine nafasi za chuo kikuu alikuwa mwenyewe ameishia katika shule ya upili kwa kukosa fedha.

Aliingia katika mafunzo ya ukaguzi wa afya, ambayo yalikuwa ya bure na yalimpa mwanafunzi posho kidogo, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 1951. Huko ndiko alikoonja ubaguzi kwa ukaribu. Mwenyewe alisimulia baadaye kuhusu siku ambayo mama mmoja wa Kizungu aliingia ofisini na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huko, akauliza iwapo hapakuwa na mtu humo ndani, ilhali Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Mzungu aliyefanya kazi kama yake alilipwa mshahara mkubwa kuliko wake mara kadhaa.

Badala ya kunung'unika kando, aliunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Wakati huo hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, Jomo Kenyatta na wenzake wametiwa mbaroni, na chama cha KAU kilipigwa marufuku mwaka 1953. Waafrika hawakuwa na chama cha kisiasa cha kitaifa cha kuwasemea. Vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyobaki, na katika mwaka huo wa 1953 Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho lao.

Sifa zake zilienea mnamo Machi 1955, wakati makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma. Mboya alisafiri hadi pwani, akawashawishi warudi kazini, kisha akawatetea mbele ya jopo la usuluhishi. Walipata nyongeza ya takriban thuluthi moja ya mishahara yao. Waajiri walianza kumwogopa, nao wafanyakazi wakaanza kumwimba.

Mwaka huohuo alipata nafasi ya kusoma katika Ruskin College mjini Oxford, Uingereza, na kabla ya kurejea nyumbani alipitia Marekani mwaka 1956 kwa mwaliko wa kamati ya Wamarekani waliounga mkono uhuru wa Afrika. Ziara hiyo ya kwanza ndiyo iliyomfunza jambo ambalo wanasiasa wengi wa Kiafrika walichelewa kulijua. Aligundua kwamba katika nchi ile, tajiri, kiongozi wa kanisa, mkuu wa chama cha wafanyakazi na mwanamuziki wanaweza kukalishwa meza moja, wakalishwa chakula, wakahutubiwa, na kabla ya sahani kuondolewa wakawa wamechangia jambo ambalo asubuhi yake hawakuwa wamelisikia.

Faida ilionekana mara moja. Shirikisho kubwa la wafanyakazi wa Marekani, AFL-CIO, lilitoa dola 35,000 za kusaidia kujenga makao ya vyama vya wafanyakazi jijini Nairobi. Jengo hilo, Solidarity, lilikuja kuwa makao ya COTU huko Gikomba. Pia katika ziara hiyo alikutana na mfanyabiashara kijana, William Scheinman, ambaye alikuwa tayari kufungua mfuko wake mwenyewe kuwalipia nauli wanafunzi wachache wa Kenya waliokuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani.

Tatizo la nafasi lilikuwa zito kuliko linavyoonekana leo. Afrika Mashariki yote ilitegemea chuo kimoja kikuu, Makerere, na nafasi zake hazikutosha hata robo ya waliofaulu. Chuo cha ufundi cha Nairobi kilikuwa kimefunguliwa tu mwaka 1956. Wachache walipelekwa Uingereza kwa hisani ya serikali. Waliobaki, hata wawe na akili kiasi gani, waliishia kuwa makarani na walimu wa shule za msingi. Mboya alipiga hesabu rahisi: iwapo uhuru ungekuja katika miaka mitano au kumi, nani angeketi katika viti ambavyo Waingereza wangeviacha?

Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, katika uchaguzi wa kwanza uliowaruhusu Waafrika kuwachagua wawakilishi wao. Jijini Nairobi alimshinda Clement Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini, kwa kura chache. Wawakilishi wanane Waafrika waliochaguliwa mwaka huo walikataa kushika uwaziri chini ya katiba waliyoiona kuwa ya kibaguzi, na Mboya ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote wa kuieleza dunia sababu zao. Chama chake cha Nairobi, People's Convention Party, kilijaza kumbi za mitaa ya Mashariki kila kilipoitisha mkutano.

Desemba 1958 Kwame Nkrumah aliandaa mkutano mkuu wa watu wa Afrika mjini Accra. Waliohudhuria walikuwa wapigania uhuru kutoka pembe zote za bara, miongoni mwao Patrice Lumumba wa Kongo. Walimchagua Mboya kuwa mwenyekiti. Alikuwa na miaka 28. Katika hotuba yake aliyataka mataifa ya Ulaya, yaliyokuwa yamegawana Afrika huko Berlin, sasa yafungashe virago na kuondoka. Maneno hayo yalisomwa magazetini London na New York, na mialiko ikamiminika.

Basi mnamo Aprili 1959 akarudi Marekani kwa ziara ya takriban wiki tano. Alitoa hotuba karibu mia moja. Aprili 15 alikuwa msemaji mkuu katika ukumbi wa Carnegie Hall jijini New York wakati wa kuadhimisha siku ya uhuru wa Afrika. Asubuhi alihutubia wanafunzi, mchana akala na wakuu wa vyama vya wafanyakazi, jioni akakaribishwa kwenye dhifa ya wanasiasa au wakuu wa vyuo. Alivaa suti nadhifu, aliongea Kiingereza kisicho na kigugumizi, na hakuwa na haya ya kuomba. Hakuomba silaha wala fedha za chama. Aliwaomba wakuu wa vyuo nafasi za masomo, na wenye pesa aliwaomba nauli.

Karamu inayofaa kukumbukwa zaidi ni ile ya Mei 13 katika mji wa Atlanta. Mwenyeji wake alikuwa mchungaji Martin Luther King, ambaye shirika lake liliandaa dhifa ya uhuru wa Afrika katika Chuo Kikuu cha Atlanta kwa heshima ya Mboya. Huo ulikuwa mji wa kusini mwa Marekani, mahali ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kula katika hoteli za Wazungu. King aliueleza umati kuwa mapambano ya watu weusi wa Marekani na ya Waafrika ni mamoja. Wageni hawakuondoka mikono mitupu, na baadaye King na watu wake wakakubali kumfadhili mwanafunzi mmoja Mkenya katika chuo cha Tuskegee.

Wafadhili wa Marekani waliunda wakfu wa kushughulikia wanafunzi hao. Barua ya kuomba michango ilitiwa saini na watu watatu ambao kila Mmarekani mweusi aliwajua: Jackie Robinson, mchezaji wa kwanza mweusi katika ligi kuu ya besiboli ya zama hizo, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Maelfu ya watu walijibu. Wengi hawakuwa matajiri. Walituma dola chache chache.

Huku nyumbani nako hakukulala. Mboya alifanya kazi hiyo pamoja na Dkt Julius Kiano na Kariuki Njiiri, wote wawili waliosomea Marekani. Wazazi waliuza mifugo, vijiji vikafanya mikutano ya kuchanga pesa za matumizi ya kijana wao. Tabia ya kuchanga kwa pamoja, ambayo Kenyatta aliipa jina la Harambee na kuifanya wito wa taifa mwaka 1963, ilikuwa tayari inafanya kazi kabla ya bendera kupandishwa. Tofauti ni kwamba mchango wa siku hizo ulimaliza safari yake katika ofisi ya kukata tiketi, si katika vichwa vya habari kuhusu kiasi alichotoa mheshimiwa fulani.

Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo wa 1959 alikuwa Pamela Odede, bintiye Walter Odede, mwanasiasa aliyezuiliwa na wakoloni wakati wa hali ya hatari. Alisomea Ohio. Aliporejea alifunga ndoa na Mboya mnamo Januari 1962.

Serikali ya kikoloni haikufurahia. Maafisa wake walidai vyuo vya Marekani vilikuwa vya kiwango cha chini, kwamba wanafunzi wangekwama huko bila fedha, na kwamba Mboya alikuwa akijitafutia umaarufu. Tusiyatupe madai yote hayo. Wanafunzi kadhaa kweli walihangaika, wakaosha vyombo na kufagia sakafu ili wale. Waliochaguliwa wengi walikuwa Wakikuyu na Wajaluo, kwa sababu huko ndiko shule za misheni zilikuwa nyingi na ndiko waandalizi walikuwa na watu wao. Jamii nyingine zilinung'unika na zilikuwa na sababu. Na Mboya hakika alipata faida ya kisiasa. Kila familia iliyompeleka mtoto Marekani ilikuwa na deni kwake, na yeye hakuwa mtu wa kusahau hesabu.

Hata hivyo, mradi ulitaka kufa mwaka uliofuata. Mwaka 1960 vyuo vilikuwa vimetoa nafasi nyingi zaidi, na vijana zaidi ya 200 walikuwa tayari kusafiri, lakini fedha za ndege hazikuwapo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliombwa ikakataa. Wakati huo Mboya alikuwa ametoka kwenye mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, ambako wajumbe wa Kiafrika walisaidiwa na wakili mweusi wa Marekani Thurgood Marshall, na picha yake ilikuwa imechapishwa kwenye jalada la jarida la Time mwezi Machi. Umaarufu alikuwa nao. Pesa ndizo hakuwa nazo.

Julai 26, 1960 alimtembelea Seneta John F. Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, Massachusetts. Kennedy alikuwa ameteuliwa siku chache tu zilizotangulia kugombea urais kwa tiketi ya chama cha Democratic, na pia alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti kuhusu Afrika. Mazungumzo yao yalizaa matunda: wakfu wa familia ya Kennedy ulikubali kutoa dola 100,000. Kennedy aliomba jambo hilo lisitangazwe, asije akaonekana ananunua kura za watu weusi.

Siri haikudumu. Mpinzani wake, Makamu wa Rais Richard Nixon, alikuwa amesihiwa na Jackie Robinson, aliyemuunga mkono katika uchaguzi huo, ausaidie mradi huo. Wizara iliyokuwa imekataa ghafla ikapata dola 100,000. Lakini wakfu wa wanafunzi ulikuwa tayari umekubali fedha za Kennedy. Seneta Hugh Scott wa chama cha Republican akasimama katika Seneti mwezi Agosti na kumlaumu Kennedy kwa kutumia fedha za hisani kupora mradi wa serikali. Kennedy alijibu kwa kueleza mpangilio halisi wa matukio, na mwisho wa yote ni kwamba Wamarekani weusi walijua ni mgombea yupi aliyelipa nauli ya Waafrika. Ni nadra kwa wanafunzi wa nchi iliyo bado koloni kuwa hoja katika kinyang'anyiro cha Ikulu ya Marekani.

Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo wa 1960 ni Wangari Muta, msichana kutoka Nyeri aliyepelekwa katika chuo cha watawa huko Atchison, Kansas. Dunia ilikuja kumjua kama Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Hapa pafaa kurekebishwa kosa linalorudiwa mara kwa mara. Barack Obama, babake Rais wa 44 wa Marekani, alikuwa rafiki wa Mboya na alikwenda kusoma Hawaii mwaka 1959. Hakuwa ndani ya ndege ile ya vijana 81, na fedha za Kennedy zilitolewa mwaka mmoja baada yake kufika huko. Hata mwanawe alipokuwa akiwania urais alisema vinginevyo, na wasaidizi wake wakalazimika kusahihisha kauli hiyo mwaka 2008.

Kufikia 1963, karibu wanafunzi 800 walikuwa wamesafirishwa kupitia mpango huo, wengi wao wa Kenya na wengine kutoka nchi jirani na za kusini zaidi. Walianza kurudi wakati wizara, vyuo na mashirika ya serikali yalikuwa yanahitaji watu kwa udi na uvumba.

Lakini karamu za Marekani zilikuwa na bei yake. Jaramogi Oginga Odinga, ambaye naye alikuwa akiwatafutia vijana nafasi za masomo katika nchi za Kikomunisti, aliona katika safari za Mboya mkono wa mabeberu. Vita Baridi vilikuwa vimeingia katika siasa za Kenya kupitia mlango wa elimu. Kila mmoja wa vigogo hao wawili alikuwa na wanafunzi wake, wafadhili wake na wapambe wake, na kila mmoja alimwita mwenzake kibaraka. Tuhuma kwamba Mboya alikuwa mtu wa Wamarekani zilimwandama hadi kaburini, na ukaribu wake na AFL-CIO uliwapa wapinzani wake kuni za kuwashia moto huo.

KANU ilipoundwa mwaka 1960 Mboya akawa katibu mkuu wake, na katika uchaguzi wa 1961 alipata ushindi mkubwa Nairobi. Alikuwa waziri wa Leba mwaka 1962, wa Haki na Masuala ya Katiba baada ya KANU kuunda serikali mwaka 1963, kisha wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ambao bado unatajwa kila mgao wa rasilimali unapojadiliwa, ulitoka katika wizara yake. Mwaka 1966 alitumia ujuzi wake wote wa kupanga mikutano kumwengua Odinga katika kongamano la chama mjini Limuru.

Baada ya Odinga kuondoka, waliomhitaji Mboya kwa kazi hiyo hawakumhitaji tena. Kenyatta alikuwa mzee, suala la nani angemrithi lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na katika kundi lililomzunguka rais palikuwa na watu ambao hawakutaka jibu liwe kijana wa Rusinga.

Jumamosi ya Julai 5, 1969, saa za mchana, Mboya aliingia katika duka la dawa la Chhani katika Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alipokuwa akitoka alipigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Rafikiye Obama, aliyezungumza naye barabarani muda mfupi kabla ya mauaji, alitoa ushahidi mahakamani. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alipatikana na hatia na kunyongwa mwezi Novemba mwaka huo. Iwapo alitumwa, na nani aliyemtuma, mahakama haikuambiwa.

Ibada ya wafu katika kanisa la Holy Family iligeuka kuwa ghasia Rais Kenyatta alipowasili. Mawe yalirushwa na polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi. Kisha msafara ukaanza safari ndefu kuelekea magharibi, watu wakiwa wamejipanga kando ya barabara hadi ziwani, na Mboya akazikwa katika kisiwa cha Rusinga. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka 2011 katika Moi Avenue, hatua chache kutoka pale alipoanguka.